Hakustaafu: Maisha ya Kapteni Titus Kioko Muthengi, 1963–2025

Haya ndiyo maisha ya Kapteni Titus Kioko Muthengi, rubani na mwalimu wa marubani, kama yalivyoandikwa na mke wake, Mwalimu Roda Katunge. Yanasomwa na binti yao, Syombua, leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025, katika shamba la familia kando ya mto Tana, Garissa, mahali ambapo marehemu mwenyewe alichagua kulazwa.

Katika mkutano wa matayarisho uliofanyika nyumbani Alhamisi tarehe 13, mdogo wake marehemu, Bwana Munyoki, alileta aya moja iliyokwisha kupigwa chapa. Alikuwa amepewa na kampuni ambayo Kapteni aliifanyia kazi mwisho. Ilisema kwamba Kapteni Kioko “alistaafu kwa heshima mwaka 2022.”

“Shemeji, tuandike tu hivyo,” Munyoki alisema. “Wachungaji watakuwepo, wakubwa watakuwepo. Tusijianike mbele za watu.”

“Alistaafu tarehe gani?” Mwalimu Roda aliuliza, kalamu mkononi.

“Tarehe siijui.”

“Wasifu hauandikwi bila tarehe, Munyoki. Ya kufukuzwa ninayo.”

Familia iliona kwamba jina jema la marehemu halilindwi kwa kufichwa. Kwa hiyo wasifu huu utasema alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya nini na alitendewa nini, kila jambo kwa tarehe yake.

Kapteni Kioko alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa maji mjini Garissa, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Muthengi na marehemu Mama Syombua, wenyeji wa Nuu, Mwingi. Mzee Muthengi alikuwa fundi wa pampu za visima. Aliletwa Garissa kwa miaka miwili akakaa thelathini na mmoja. Katika miaka ile ya vita na hali ya hatari, wenzake wa bara waliandika barua za kuomba uhamisho. Yeye aliandika moja tu, ya kuomba spana mpya.

Mtoto Kioko alilelewa mikononi mwa majirani. Rafiki yake wa tangu kutambaa alikuwa Keynan, ambaye mama yake aliuza maziwa ya ngamia karibu na soko, naye Keynan yupo hapa leo. Kisomali ndicho kilichomwingia Kioko kwanza. Alipopelekwa Nuu mara ya kwanza, akiwa na miaka minne, alimwamkia bibi yake kwa Kisomali, akaongeza na dua. Bibi alimtazama Mama Syombua, akamtazama mtoto, akauliza, “Huyu mmemwokota wapi?” Kicheko cha siku ile kilimfuata Kioko Nuu mpaka uzeeni, na kila alipokwenda huko aliwaamkia kwa Kisomali makusudi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 hapa Garissa na akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1976, akiwa wa kwanza katika wilaya nzima. Alisoma sekondari Kitui kuanzia 1977 hadi 1980, kisha kidato cha tano na cha sita Machakos, akichukua hisabati, fizikia na jiografia. Mwaka 1983 aliajiriwa karani katika kiwanja cha ndege cha Garissa. Kazi yake ilikuwa kuandika ndege zilizotua na kuondoka, kupima upepo, na kuondoa wanyama njiani ndege ikikaribia. Alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba aliingia katika usafiri wa anga kwa mlango wa mbuzi.

Mwaka 1986 Mzee Muthengi aliuza shamba lake la Nuu ili mwanawe akasomee urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndugu zake Mzee hawakumsamehe. “Ameuza udongo ili mtoto akacheze hewani,” walisema, na wengine waliendelea kulisema hata baada ya kupandishwa ndege bure na mtoto huyo huyo. Haya yanaandikwa kwa sababu imewahi kuvumishwa kwamba Kioko alisomeshwa na mwanasiasa. Hakusomeshwa na mwanasiasa. Alisomeshwa na fundi wa pampu. Alipata leseni ya rubani wa biashara tarehe 5 Agosti 1988.

Alianza na ndege ndogo zilizopeleka barua, dawa na mitihani Wajir, Mandera na vituo vya mpakani, na ni mitihani iliyomkutanisha na mke wake. Novemba 1990, Roda Katunge, mwalimu kijana aliyekuwa ametumwa Garissa mwaka ule ule, aliteuliwa kusimamia mtihani Diff, mpakani mwa Somalia. Walifika juu ya Diff asubuhi. Badala ya kutua, rubani aliishusha ndege mpaka ikakaribia kugusa kiwanja, akapita kwa kishindo, akapanda tena na kuzunguka. Mwalimu Roda alikuwa ameshikilia sanduku la karatasi za mtihani kwa mikono miwili na kiamsha kinywa chake kwa meno. Walipotua alimfuata rubani mpaka chini ya bawa.

“Wewe kijana, ulikuwa unamwonyesha nani?”

“Mbuzi, mwalimu,” Kioko alijibu. “Walikuwa kumi na wanane. Sasa wameondoka.”

Mwalimu Roda aligeuka kutazama. Walikuwa kweli wameondoka, na mchungaji wao alikuwa bado akiwafuata mbio huku akilaani. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 kanisani Garissa. Keynan alikuwa msimamizi wa karamu. Kwa kuwa wageni walikuwa wa dini mbili, alihakikisha kwamba kila mnyama aliyeliwa siku ile amechinjwa kwa namna ambayo wote wangeweza kukaa sinia moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Syombua, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1994, na Muthengi, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1997.

Mwaka 1995 Kapteni Kioko alijiunga na shirika kubwa la ndege jijini Nairobi, na mwaka 2001 akawa kapteni wa ndege zinazovuka bahari. Alivaa mistari minne begani. Alilala katika hoteli ambazo wengi wetu tumeziona kwenye kalenda tu. Mwaka 2006 aliacha kwa hiari yake, na hiyo ndiyo mara pekee maishani alipoacha kazi kwa hiari. Watu walimwona amerukwa na akili. Keynan alimwambia waziwazi, “Kioko, wewe ni mjinga wa kusoma. Mtu anateremka kutoka ndege ya watu mia tatu anapanda ya watu tisa?”

“Ile ya mia tatu inajiendesha, walaal, ndugu yangu,” Kapteni alisema. “Mimi nakaa mbele kama picha.”

Alirudi Wilson kufundisha, na alifundisha kwa namna yake. Hakuwa mkali wa sauti. Mwanafunzi akikosea, Kapteni alikunja mikono kifuani na kumwuliza, “Sasa sisi ni kina nani hapa?” mpaka mwanafunzi atambue mwenyewe kwamba wao ni watu wawili ndani ya bati, na kwamba bati linaanguka. Kwa viwanja vya Kaskazini Mashariki alikuwa na sheria moja ambayo hakuibadilisha kwa mtu yeyote. Katika kiwanja cha udongo hatui mtu mpaka amepita juu yake mara moja, chini, akikikagua kwa macho yake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona mnyama mmoja, alisema, hesabu kumi ambao hujawaona. Wanafunzi walimwita Kapteni Pita-Kwanza. Walidhani halijui jina hilo, naye alikuwa akilijua na kulipenda.

Mwaka 2011 alipokea ombi la msichana wa Garissa, Deka, binti wa Mzee Warsame, mfanyabiashara wa mifugo. Msichana alikuwa na alama zote zilizotakiwa. Baba ndiye aliyekuwa na shaka. Kapteni alikwenda nyumbani kwao, akavua viatu, akaketi mkekani.

“Kabteni,” Mzee Warsame alimwuliza, “sasa hii mtoto yangu akianguka?”

“Adeer, mzee wangu, sitatia sahihi ya kumruhusu kuruka mpaka niwe tayari kumpandisha binti yangu mwenyewe kwenye ndege yake.”

“Binti yako wa kumzaa?”

“Wa kumzaa. Ninaye mmoja tu.”

Kapteni alitimiza. Tarehe 23 Machi 2013, abiria wa kwanza wa Deka Warsame alikuwa Syombua, aliyekuwa na miaka kumi na minane, naye ndiye anayewasomea maneno haya. Mama yake hakuambiwa mpaka walipotua. Deka aliingia na kutoka nyumbani kwetu kama mtoto wa nyumba. Alimwita Kapteni maalim na alimwita Mwalimu Roda mama, na chumba cha wageni kilikuwa na kanga zake.

Mwaka 2014 Kapteni alijiunga na kampuni ambayo jina lake halitawekwa katika kijitabu hiki. Alikuwa mkuu wa mafunzo na kapteni wa safari za Dadaab, Wajir, Mandera na vijiji visivyo na lami. Kwa miaka minane hakukwaruza hata ncha ya bawa. Alisafirisha wauguzi, wazee wa kesi, akina mama wenye uchungu wa kuzaa, na mara moja bwana harusi aliyekuwa amechelewa, naye alimlipa kwa kiriba cha maziwa.

Tarehe 10 Januari 2022 kampuni ilibandika waraka katika chumba cha marubani. Ulisema kwamba kupita juu ya viwanja kabla ya kutua kunachelewesha safari. Kuanzia siku hiyo, ajenti aliye chini akipiga simu kusema kiwanja ni safi, rubani atue moja kwa moja. Kapteni alipinga kwa barua ya ukurasa mmoja. Hakujibiwa kwa barua. Aliitwa na meneja, kijana wa umri wa mwanawe, akaambiwa, “Kapteni, hizi ni siku za simu. Mbuzi wa 1990 wamekwisha.”

Alhamisi tarehe 17 Februari 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Kapteni Kioko alifika juu ya Sangailu akiwa na muuguzi, abiria watatu, na katoni za chakula cha watoto waliodhoofu. Rubani wake msaidizi alikuwa Deka Warsame. Ukame wa mwaka ule ulikuwa umemaliza malisho, na ngamia walikuwa wakifuata majani machache yaliyobaki kando ya kiwanja. Ajenti alipiga simu akiwa dukani kwake sokoni, mahali ambapo kiwanja hakionekani, akasema ni safi.

“Maalim, hatupiti?” Deka aliuliza.

“Leo tunatii,” Kapteni alisema.

Katika miaka thelathini na mitatu ya kuruka, hiyo ndiyo siku pekee alipotua kwenye udongo bila kupita kwanza. Alitua kwa sababu aliamriwa. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kugusa ardhi ngamia jike alipotoka kichakani. Bawa la kulia lilimpiga, ndege ikaacha njia na kuvunjika gurudumu la mbele. Watu wote sita walitoka kwa miguu yao. Muuguzi alikatwa kidogo kwenye paji la uso. Ngamia alikufa, naye alikuwa na mimba.

Lililofuata ndilo lililotumika kumwangamiza, kwa hiyo lielezwe polepole kwa ajili ya wageni wetu wa kutoka bara. Vijana walikuwa wameizunguka ndege. Kapteni alimpigia meneja simu, naye meneja akasema, “Malizana nao, wewe unajua lugha yao. Mimi nataka ndege yangu itoke.” Kapteni akaenda kuketi na wazee katika banda la shule. Mwenye ngamia alikuwa Mzee Sugow, mtu mwembamba, mpole, mwenye ndevu zilizotiwa hina.

“Kabteni,” Mzee Sugow alisema, “wewe ni mtoto ya Garissa. Baba yako alitengeneza kisima yetu, mimi nilimbelekea chai. Ngamia yangu ilikuwa na mtoto tumboni. Wewe hukuja kuiua, Allah ameandika. Lakini mimi nikienda nyumbani bila neno, hawa vijana watasema Sugow amekwisha. Sema neno, mimi niseme neno, tukunywe chai.”

Hiyo ni maslaha, na kila aliyekulia huku anaijua. Mtu ambaye kitu chake kimeleta hasara husema “nimekosa,” hata kama alikuwa amelala nyumbani kwake. Mwenye hasara husema “nimesamehe.” Baada ya hapo ni aibu kwa yeyote kulifufua jambo hilo. Kioko akiwa na miaka saba alimwona baba yake akisema “nimekosa” kwa ajili ya punda aliyetumbukia katika shimo la kisima lililochimbwa na serikali kabla Mzee Muthengi hajakanyaga Garissa. Hakuna aliyedhani Mzee Muthengi ndiye aliyelichimba.

Mwalimu wa shule akaandika. Mimi Kapteni Titus Kioko nimekosa, ndege yangu imeua ngamia wa Mzee Sugow, naomba msamaha na nitatoa ngamia mwingine. Kapteni akatia sahihi. Chini yake ikaandikwa kwamba Mzee Sugow amesamehe, kwamba ajali imetoka kwa Mungu na maneno yameisha, naye mzee akaweka dole gumba. Chai ikanywewa. Vijana wale wale wakaisukuma ndege kutoka vichakani. Siku tisa baadaye Keynan alimfikisha Sangailu ngamia jike mzuri kutoka katika wale wachache wa Kapteni aliokuwa akimchungia.

Kampuni iliomba nakala ya karatasi hiyo, ikapewa kwa nia njema. Walipoipeleka mbele ya wachunguzi walikata nusu ya chini. Walibakiza mistari ile inayoanza na “nimekosa.” Maneno ya Mzee Sugow hayakuwepo, wala dole gumba lake.

“Je, hii ni sahihi yako?” wakamwuliza.

“Ni yangu.”

“Ulikubali kosa?”

“Nilifanya maslaha.”

“Jibu ndiyo au hapana, Kapteni.”

Alipoutaja waraka wa Januari, kampuni ilisema haukuwahi kuwepo. Ubao wa chumba cha marubani ulikuwa umepakwa rangi mpya. Marubani kumi walioitwa hawakukumbuka. Wa kumi na moja, Deka Warsame, aliandika mistari miwili, kwamba hakumbuki agizo lolote kuhusu kupita, na kwamba uamuzi wa kutua ulikuwa wa kapteni. Tarehe 4 Aprili 2022 Kapteni Kioko alifukuzwa kazi na leseni yake ikasimamishwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Deka alipandishwa cheo kuwa kapteni.

Mwalimu Roda aliisoma ile mistari miwili jikoni, akiwa amesimama.

“Usimguse huyo mtoto,” Kapteni alimwambia. “Baba yake amepooza, na ana wadogo wanne wanaomtegemea.”

“Simgusi. Lakini nimesahihisha kazi za wanafunzi miaka thelathini na miwili, Kioko. Najua asiyekumbuka na najua anayeogopa.”

“Anaogopa. Basi mwache aogope.”

Kapteni alizikunja kanga za Deka yeye mwenyewe akaziweka katika mfuko, ili siku atakapokuja azikute safi. Deka hakuja.

Kulisemwa mengi mjini, na kwa kuwa yalisemwa kwa sauti, yatajibiwa kwa sauti. Ilisemwa alikuwa amelewa. Kapteni Kioko alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na mmoja na hakuonja pombe hata siku ya harusi yake. Ilisemwa macho yake yalikuwa mabovu. Alipimwa macho tarehe 11 Januari 2022 na cheti kipo. Ilisemwa alihongwa na wenye mifugo. Yeye ndiye aliyetoa ngamia. Waliosema hayo wanajijua, na baadhi yao wamekaa kwenye viti tulivyokodisha leo. Karibuni. Mtakula.

Alikata rufaa tarehe 20 Juni 2022. Kikao kiliahirishwa mara saba. Mara ya tatu, Mei 2023, Mzee Sugow alisafiri juu ya lori kutoka Sangailu, akalala kwetu, kisha akapanda basi na Kapteni hadi Nairobi, akiwa na nakala yake nzima ya ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuwa amewahi kufika Nairobi kabla ya hapo. “Hii ni karatasi ya kumaliza maneno,” alimwambia kila aliyepita ukumbini. “Nani ameanza tena?” Aliketi kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa tisa wakatangaziwa kwamba mmoja wa wajumbe hayupo. Mzee Sugow alifariki mwezi wa Agosti 2024 bila kusikilizwa. Familia yake imetuachia nakala ile na iko salama. Lakini karatasi inaeleza maslaha tu. Haiwezi kueleza waraka uliobanduliwa, wala kilichosemwa ndani ya ndege. Kati ya wawili waliokaa mbele ndani ya ndege ile, leo amebaki mmoja.

Katika miaka hiyo Kapteni alilima shamba hili. Alipanda migomba na bizari, akatengeneza pampu za majirani kwa spana za baba yake. Ndege ikipita aliitaja aina yake bila kuinua kichwa. Marubani aliowafundisha walipita juu ya nyumba hii kila siku, na simu yake ilikaa siku nne, siku tano, bila kulia. Keynan ndiye aliyekuja kila Ijumaa baada ya sala, akaketi, akamtukana kwa upendo, akaondoka.

Oktoba 2024 alianza kushindwa kumeza. Tarehe 21 mwezi huo aligundulika kuwa na saratani ya umio. Alitibiwa Nairobi kwa mwaka mmoja. Mtu aliyebeba wagonjwa wa mkoa huu mzima kwa ndege alikwenda hospitali kwa basi, mara kumi na nne kwenda na mara kumi na nne kurudi, akiwa na ndoo ndogo miguuni na mkewe ubavuni. Familia inamshukuru dereva mmoja wa basi, Bwana Abdimalik, ambaye kila mara alimwekea kiti cha mbele na kumwita Kapteni mbele ya abiria wote. Kampuni haikuja, haikupiga simu, haikuandika. Shada lake la maua, kama litaletwa leo, litapokelewa langoni na litabaki langoni.

Kapteni Kioko alifariki nyumbani kwake Garissa, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na miwili. Mkewe alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Kapteni alimwuliza, kama alivyouliza kila siku, “Barua imekuja?”

“Bado.”

“Watakuwa wanaipiga chapa,” alisema, na akafumba macho.

Barua ilifika Ijumaa tarehe 14, siku tano baadaye. Inamtaka Kapteni Titus Kioko Muthengi afike yeye mwenyewe mbele ya baraza la rufaa, Jumatano tarehe 3 Desemba 2025, saa tatu asubuhi, na inaeleza kwamba asipofika rufaa itafutwa. Ikifutwa, yaliyoandikwa juu yake yatabaki yalivyo, kwamba aliua ngamia kwa uzembe na akakiri. Mwalimu Roda alijibu siku hiyo hiyo na kuambatanisha kibali cha mazishi na cheti cha ndoa, akiomba kusimama mahali pa mumewe. Amekubaliwa. Ameelezwa pia kwamba yeye hakuwemo ndani ya ndege, na kwamba bila shahidi aliyekuwemo, kusimama kwake hakutafika mbali.

Kesho yake, Jumamosi, simu ililia nyumbani. Alikuwa Deka.

“Mama, pole. Naomba dakika tano siku ya mazishi. Nataka kumsifu maalim wangu.”

“Umsifu kwa nani, Deka? Hapa wote tunamjua.”

“Wallahi mama, nimelia siku sita.”

“Lia, mwanangu, una haki. Lakini sitakupa kipaza sauti. Jumatano tarehe 3 saa tatu njoo Nairobi, ukumbuke.”

Deka akasema, kwa sauti ndogo, “Nitapoteza kazi.”

“Yeye alipoteza yake.”

Alisema atapiga tena. Kijitabu hiki kilipopelekwa kwa mpiga chapa, Jumatatu tarehe 17 saa kumi jioni, alikuwa bado hajapiga. Mwalimu Roda ameiandika aya hii akijua kwamba marehemu angemkataza. Kapteni alikuwa mwema kuliko mkewe, na wema wake ulimgharimu miaka mitatu na nusu ya jina baya. Mkewe hana miaka hiyo ya kutoa.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Roda Katunge. Binti, Mhandisi Syombua. Mwana, Muthengi, mwalimu wa hisabati, na mkewe. Na wajukuu watatu, mdogo kabisa akiwa na miezi minne. Ameacha ndugu zake, Bwana Munyoki na dada watatu. Ameacha Keynan, ambaye familia inamhesabu kati ya ndugu, na ambaye atatupa udongo pamoja nao. Ameacha ngamia sita na shamba hili.

Ameacha pia wanafunzi sitini na watatu wanaoruka leo kwa sahihi yake. Sitini na wawili wanakaribishwa kusogea mbele, karibu na jeneza, wimbo utakapoanza. Mmoja anasubiriwa Nairobi, Jumatano tarehe 3 Desemba, saa tatu asubuhi.

Mungu ampokee mtumishi wake na kumpumzisha. Jina lake tunabaki nalo sisi.